Safari ya Krismasi: Mafuta ya gari hupotelea wapi kati ya Dar na Moshi?

KILA ifikapo wiki ya pili na ya tatu ya mwezi Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam kuelekea mikoa ya kaskazini hubadilika sura. Magari madogo ambayo mwaka mzima huishia Kariakoo, Mbagala na Tegeta huonekana yamejipanga Chalinze, yakiwa yamebeba familia nzima ndani, na juu ya paa magunia ya mchele, ndoo za mafuta ya kula na magodoro. Ni safari ambayo wenyeji wa Kilimanjaro hutaniwa kwayo kila mwaka, kwamba wanakwenda nyumbani "kuhesabiwa", nao hawaujali utani huo, kwani kwao Krismasi isiyoliwa kihambani haijawa Krismasi.

Utani ukishapita, hubaki hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi kwa njia ya Chalinze, Segera, Korogwe na Same ni takriban kilomita 550. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,100, kabla ya kuongeza mizunguko ya kuwatembelea wajomba na mashangazi. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litahitaji lita 92 kwa safari hiyo. Gari hilo hilo likishuka hadi kilomita 9 kwa lita, litahitaji lita 122. Kwa hesabu rahisi ya Sh3,000 kwa lita, tofauti hiyo ya lita 30 ni Sh90,000, fedha ambazo shule zikifunguliwa Januari zingeweza kununua sare, viatu na madaftari ya mtoto.

Wapo watakaosema kwamba gari moja haliwezi kutofautiana na lenyewe kwa kiasi hicho. Linaweza, tena bila kuharibika chochote. Kinachostaajabisha ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo haitokani na plagi, wala chujio, wala chupa za dawa ya injini ambazo wenye magari huzinunua kwa wingi siku chache kabla ya kuondoka. Inatokana na mambo ambayo hayahitaji fundi wala senti: kilichofungwa juu ya paa, mwendo wa gari, na namna mguu wa kulia wa dereva unavyokanyaga.

Ili kuelewa sababu yake, yafaa kwanza kujua mafuta huenda wapi. Katika injini ya petroli, robo hadi theluthi tu ya nishati iliyomo katika mafuta ndiyo inayogeuka kuwa kazi. Iliyobaki hupotea kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Hicho kidogo kinachosalia ndicho kinachopaswa kusukuma hewa iliyo mbele ya gari, kuviringisha matairi, kupanda vilima, na kulipatia gari mwendo ambao baadaye dereva huutupa kwa kukanyaga breki. Mjini, mla mafuta mkuu ni breki. Katika barabara kuu, mla mafuta mkuu ni hewa.

Hewa haionekani, na kwa sababu hiyo wengi huidharau. Lakini nguvu yake ya kulizuia gari haipandi sambamba na mwendo, bali kwa mraba wa mwendo huo. Gari linalotoka kilomita 80 kwa saa na kufikia 100 limeongeza mwendo kwa robo tu, ilhali ukinzani wa hewa umeongezeka kwa asilimia 56. Likifika 120, ukinzani huo umezidi mara mbili ya ule wa kilomita 80. Ndiyo maana Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwashauri wenye magari kuhusu jambo hili, inaeleza kuwa ubanaji wa mafuta wa magari mengi huanza kuporomoka kwa kasi baada ya maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80.

Sasa juu ya gari hilo lifungwe keria, na juu ya keria yapangwe magodoro mawili, baiskeli ya mtoto na gunia, kisha vyote vifunikwe turubai linalopigapiga upepo tangu Kibaha hadi Himo. Gari ambalo kiwandani lilichongwa ili hewa iteleze juu yake limegeuzwa kuwa ukuta. Takwimu za Wizara hiyo ya Marekani zinaonyesha kuwa sanduku kubwa la mizigo lililofungwa juu ya paa hupunguza ubanaji wa mafuta kwa asilimia 6 hadi 17 katika barabara kuu, na kwa mwendo wa kati ya kilomita 105 na 120 kwa saa upungufu huo huweza kufikia asilimia 25. Hilo ni sanduku lililotengenezwa likiwa na pua ya kukata hewa. Godoro halina pua.

Mzigo ule ule ukiwekwa ndani, hadithi hubadilika kabisa. Kilo 45 za ziada katika gari dogo hugharimu takriban asilimia moja ya mafuta. Kwa maneno mengine, si uzito wa gunia unaomtia hasara mwenye gari, bali mahali lilipokaa. Anayeweza kupanga mizigo yake katika buti na chini ya miguu ya watoto, akabakiza juu ya paa kitu kidogo au asibakize kitu kabisa, ameokoa lita nyingi kuliko atakazookoa kwa matengenezo yoyote. Na keria tupu nayo si ya kuachwa juu kwa mazoea, kwani huzuia hewa hata isipobeba kitu. Ifunguliwe ikae stoo hadi itakapohitajika.

Hapa panafaa swali moja ambalo familia nyingi haziulizani: je, kila kinachobebwa ni lazima kibebwe? Mchele ni mfano mzuri. Mpunga unalimwa Moshi kwenyewe, katika mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi yaliyoanzishwa miaka ya 1980, na bado kila Desemba magunia ya mchele hupandishwa juu ya paa za magari Dar es Salaam yakasafirishwa kilomita 550 kwenda kuliwa jirani na mashamba hayo. Zawadi ina heshima yake, na hakuna anayetaka kufika kwa bibi mikono mitupu. Hata hivyo, fedha taslimu haizuii hewa.

Kuhusu mwendo, madereva wengi huamini kwamba kukimbia kunaokoa muda mwingi kiasi cha kustahili gharama yake. Barabara ya Dar es Salaam hadi Moshi si mahali pazuri pa kuithibitisha imani hiyo. Sehemu kubwa ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Sheria inayataka magari yote kutozidi kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, na vijiji vimepangana kando ya barabara hiyo kama shanga. Magari yenye uzito unaozidi tani 3.5, yakiwamo mabasi na malori, hayaruhusiwi kuzidi 80. Kwa hiyo dereva wa gari dogo anayetaka kwenda 110 atakuwa kila baada ya dakika chache ameufikia mkia wa lori, amepunguza, amesubiri, amechungulia, amelipita kwa kukanyaga mafuta hadi mwisho, kisha amekutana na lori lingine.

Ichukuliwe kwamba kati ya kilomita 550, ni 350 ndizo zilizo wazi kiasi cha kumruhusu dereva kuchagua mwendo wake. Akienda wastani wa kilomita 100 kwa saa katika sehemu hizo, atazimaliza kwa saa tatu na nusu. Akienda 85, atazimaliza kwa saa nne na dakika saba. Tofauti ni dakika 37, muda ambao familia yenye watoto huutumia kwa chai na msalani pale Korogwe bila hata kuhisi. Wakati huohuo, nguvu ya hewa kwa anayekwenda 100 ni kubwa kwa asilimia 38 kuliko kwa mwenzake, na idadi ya mara anazolazimika kutoka upande wake wa barabara ili kuyapita magari mengine ni kubwa zaidi pia. Jambo hilo la pili halimo katika hesabu ya mafuta, lakini kila anayeisafiri njia hiyo Desemba analijua.

Liko pia suala la trafiki wenye tochi. Dereva aonapo kibao cha 50 akiwa katika mwendo wa 100, husubiri hadi karibu kabisa, hukanyaga breki kwa nguvu, hupita mbele ya askari kwa unyenyekevu mkubwa, kisha hukanyaga mafuta kwa hasira kana kwamba anadai alichonyang'anywa. Kulirudisha gari la kilo 1,500 kutoka mwendo wa 50 hadi 100 kunahitaji, kwa makadirio, mililita 50 za petroli, yaani ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa. Si kitu, mtu atasema. Lakini vijiji vikiwa 50, vikombe hivyo ni lita mbili na nusu kwa kwenda tu. Anayekiona kibao kwa mbali na kuinua mguu mapema, akaliacha gari lipungue lenyewe, hutumia kwa ajili ya kufika pale mwendo ambao tayari ameshaulipia. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa uendeshaji wa papara, wa kukanyaga mafuta kwa ghafla na kufunga breki kwa ghafla, hupoteza asilimia 15 hadi 30 ya mafuta katika barabara kuu.

Kuinua mguu huku gari likiwa katika gia ni jambo tofauti na kuweka gia huru, na hapa ipo imani ya zamani inayopaswa kuzikwa. Madereva wa enzi za kabureta walikuwa wakiteremka vilima kwa gia huru ili kubana mafuta. Katika injini za leo zinazonyunyiziwa mafuta kwa kuongozwa na kompyuta, mambo ni kinyume. Dereva akiinua mguu huku gia imeingia, kompyuta hukata mafuta kabisa, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Akiweka gia huru, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Anayeushuka mteremko wa Mto Wami kwa gia huru, basi, anatumia mafuta zaidi, na ameutupa msaada wa injini katika kulizuia gari lililojaa watu. Kabla ya daraja jipya kuanza kutumika mwaka 2022, mteremko huo uliishia katika daraja jembamba la mwaka 1959 ambalo magari yalipishana kwa zamu.

Baada ya paa na mguu, linafuata suala la matairi. Idadi kubwa ya magari madogo nchini yalitumika kwanza Japani, na katika nguzo ya mlango wa dereva bado ipo karatasi ndogo ya kiwandani yenye maandishi ya Kijapani. Wengi hawaisomi kwa sababu ya lugha, ilhali kilicho muhimu ni tarakimu: 220, 230 au 240, ambacho ni kiasi cha upepo kwa kipimo cha kilopaskali. Vipimo vya vijana wanaojaza upepo katika vituo vya mafuta kwa kawaida husoma kwa psi. Kilopaskali 220 ni psi 32, 230 ni psi 33, na 240 ni psi 35. Kijana asipoelekezwa, hujaza anavyoona inafaa, mara nyingi kwa kulitazama tairi.

Upungufu wa psi moja katika matairi yote manne hupoteza takriban asilimia 0.2 ya mafuta. Kwa hiyo gari lililopungukiwa psi 10 hupoteza asilimia mbili, kama lita mbili kati ya mia moja. Faida hiyo si kubwa kama wauza matairi wanavyopenda kuitangaza. Sababu nzito ya kupima upepo ni nyingine: tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja zaidi kila linapozunguka, hupata moto, na likiwa na mzigo mzito katika tambarare za Hedaru, Makanya na Same jua la saa nane mchana, huweza kupasuka. Upepo upimwe asubuhi kabla ya gari kutembea. Tairi lililokimbia likapata joto husoma psi kadhaa juu zaidi, na anayeupunguza upepo huo njiani kwa kudhani umezidi hulifanya tairi kuwa pungufu litakapopoa. Kuzidisha upepo kupita kipimo ili kubana mafuta nako hakufai, kwani tairi hushika barabara kwa sehemu ndogo zaidi na breki hupungua nguvu, hasa mvua inaponyesha. Tairi la akiba nalo lipimwe, hukumbukwa likishahitajika.

Fundi anaingia wapi? Anaingia, lakini si pale ambapo wengi humpeleka. Chujio la hewa, kwa mfano, hubadilishwa kwa matumaini makubwa ya kubana mafuta. Katika magari ya kabureta matumaini hayo yalikuwa na msingi. Katika injini za kisasa kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta ili yalingane nayo, hivyo chujio chafu hulifanya gari liwe zito kuondoka lakini halibadilishi sana matumizi yake ya mafuta. Libadilishwe kwa ajili ya afya ya injini. Vivyo hivyo petroli ya bei ya juu katika gari lisiloihitaji.

Jambo linalostahili safari ya kwenda gereji ni themostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke kabla injini haijapata joto lake. Mafundi wengi wa mitaani hukiondoa na kukitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi; gari likichemsha mara moja, themostati ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Matokeo yake ni injini isiyofikia joto inalolitaka, na hasa katika barabara kuu ambako upepo unaipoza rejeta muda wote. Kompyuta ikiona maji bado ni ya baridi, hudhani gari limewashwa punde, na huendelea kumimina mafuta ya ziada kama afanyavyo mama anayechochea moto usioshika. Gari la namna hiyo hutumia mafuta mengi kwa kilomita zote 550, na mwenyewe hajui sababu. Dalili yake ni rahisi: mshale wa joto unaoshuka kila gari linapokimbia, au, katika magari madogo ya Kijapani yasiyo na mshale huo, taa ya bluu ya dashibodi inayochelewa sana kuzima au kurudi kuwaka njiani. Kurudisha themostati si kazi kubwa. Lakini kama gari lilichemsha hapo awali, chanzo cha kuchemsha kitafutwe kwanza, kiwe rejeta iliyoziba, feni au pampu ya maji, na kazi hiyo haifanywi usiku wa kuamkia safari.

Taa ya injini inayowaka ya rangi ya chungwa nayo si pambo. Mara nyingi huashiria hitilafu katika sensa inayopima oksijeni kwenye bomba la moshi. Kompyuta ikikosa taarifa za sensa hiyo hukisia, na kwa kawaida hukisia kwa kuzidisha mafuta. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa kurekebisha hitilafu kubwa ya aina hiyo huweza kuongeza ubanaji wa mafuta kwa hadi asilimia 40. Hapana matengenezo mengine yanayokaribia faida hiyo. Lililo muhimu ni kwamba gari lipimwe kwa mashine ya kusoma makosa ya kompyuta, badala ya fundi kuing'oa balbu ili taa isimkere mteja.

Madereva wa magari ya otomatiki ya zamani kidogo, kama Ipsum na Noah za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wana jambo moja la kuangalia ambalo halina gharama yoyote. Katika mkono wa gia kipo kitufe kilichoandikwa O/D. Kikibonyezwa, taa ya "O/D OFF" huwaka katika dashibodi, na gari huzuiwa kuingia gia yake ya mwisho. Wako waliokibonyeza kwa bahati mbaya miezi mingi iliyopita, na injini imekuwa ikinguruma tangu hapo. Barabarani taa hiyo inapaswa kuwa imezimwa, isipokuwa katika mlima au mteremko mkali.

Breki inayoshika ni mwizi mwingine wa kimya. Baada ya mwendo wa kilomita chache, dereva asimame mahali salama na kusogeza mkono karibu na rimu za magurudumu bila kuzigusa. Gurudumu moja likiwa la moto sana kuliko mengine, breki yake haiachii. Oili nayo iwe ya uzito ulioandikwa katika kitabu cha gari. Mazoea ya kuzijazia oili nzito injini za Kijapani zilizotengenezwa kwa oili nyepesi hugharimu asilimia moja au mbili, ingawa injini iliyochakaa sana ni suala ambalo fundi mwaminifu ndiye anayepaswa kulishauri.

Vifaa vya kubana mafuta vinavyouzwa Kariakoo na katika mitandao, vikiwamo sumaku za kufunga katika bomba la mafuta na vidonge vya kutumbukiza tangini, havistahili maneno mengi. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hiyo kwa miaka mingi, na halijapata kimoja kinachopunguza matumizi ya mafuta kwa kiasi cha maana. Kama sumaku ya Sh20,000 ingefanya kazi hiyo, viwanda vya magari vinavyoshindana kwa nusu lita vingekuwa vimeifunga tangu zamani.

Foleni ya kutoka jijini ni gharama isiyokwepeka kabisa, ila hupunguzika. Injini iliyosimama ikinguruma huteketeza lita moja hadi mbili kwa saa, kutegemea ukubwa wake na matumizi ya kiyoyozi. Anayeondoka alfajiri huiepuka sehemu kubwa ya foleni ya Kibaha, Mlandizi na Chalinze. Kwa wakazi wa Mbezi Beach, Tegeta na Bunju, barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata huwatoa moja kwa moja katika barabara kuu ya kaskazini bila kufika Chalinze. Kuhusu kiyoyozi, ubishi wa miaka mingi una jibu la wastani: katika foleni na mwendo mdogo, kufungua vioo ni nafuu, katika mwendo wa barabara kuu, vioo vilivyo wazi huivuruga hewa kiasi kwamba kuvifunga na kuwasha kiyoyozi hakuna hasara ya kulalamikia. Gari lililosimama juani lifunguliwe milango kwanza, joto litoke, ndipo kiyoyozi kiwashwe.

Mahali pa kujaza pia pana hesabu yake. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hizo huongezeka kadiri wilaya inavyokuwa mbali na bandari, kwa sababu ya gharama za usafirishaji. Kwa hiyo tangi lijazwe Dar es Salaam. Wanaohofia kwamba tangi lililojaa hulifanya gari kuwa zito wakumbuke kuwa lita 50 za petroli zina uzito wa kilo 37 hivi, pungufu ya uzito wa mtoto wa darasa la saba.

Yote hayo hayana maana kwa asiyepima. Kipimo chenyewe hakihitaji chombo. Tangi hujazwa hadi pampu ijikate yenyewe, na kilomita za dashibodi huandikwa. Likijazwa tena kwa namna hiyo hiyo, kilomita zilizotembewa hugawanywa kwa lita zilizoingia. Anayefanya hivyo wiki mbili kabla ya safari atajua kama gari lake linaumwa kabla halijaondoka, na atakuwa na muda wa kumtafuta fundi kwa utulivu, badala ya kumkuta Desemba 22 akiwa na magari kumi yanayosubiri.

Hesabu ya safari yenyewe ina mtego mmoja. Moshi ipo zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kulipandisha gari lenye familia na mizigo hadi huko kunahitaji lita moja na nusu hivi ya ziada, bila kujali dereva ni hodari kiasi gani. Wanaoendelea hadi Marangu, Kibosho au Mkuu Rombo hupanda zaidi. Wakati wa kurudi, sehemu ya gharama hiyo hurejeshwa, mradi mikungu ya ndizi iwekwe ndani ya gari na si juu ya paa. Kwa hiyo atakayepata kilomita 11 kwa lita akienda na 13 akirudi asidhani gari limepona kwa hewa ya mlimani. Ajaze tangi tena akifika Dar es Salaam, ajumlishe lita zote na kilomita zote, na agawanye mara moja.